Neno Uliloandikiwa

Shoga yangu mpenzi,

Huku sote wazima, ila baba magoti yanamsumbua. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema msimamizi ameandika kwenye tathmini yako kuwa wewe ni "aloof", ukatazama kamusi ukakuta "mwenye kujitenga", na siku hiyo usingizi haukuja. Naelewa. Kwetu mtu akiambiwa anajitenga ameshaitwa mwenye kibri, na kibri wewe huna. Unafanya zamu za usiku, una watoto wa kusomesha, na huko kilabuni wanakokwenda wenzako baada ya kazi huna haja nako.

Nimelifuatilia neno hilo, na asili yake ni baharini. Limeingia Kiingereza katika karne ya 16. Ndani yake mna "loef", neno la Kiholanzi, yaani upande unakotoka upepo, ambao wazee wetu wanauita goshini. Waingereza wameokota maneno mengi ya chombo kwa Waholanzi, hata "deck" na "skipper" ni ya kwao. Mbele wakabandika "a" ile ile ya "ashore" na "aboard". Ikawa amri kwa mshika usukani: elekeza omo, mbele ya chombo, kwenye upepo!

Sasa kumbuka siku ile ya kusi tuliporudi na baba kwenye mashua, tuna miaka minane au tisa. Nyumba tunaiona, hata moshi wa jikoni kwa mama tunauona, na maji mbele yameshageuka kijani kwa sababu ya mwamba. Upepo unatusukuma huko huko. Baba akapiga kelele, "Goshini! Goshini!" Omo likageuka, tanga likapiga kama kofi, kamba ya demani, upande unakokwenda upepo, ikakuchuna kiganja. Tukaanza kwenda mbali na nyumbani, wewe ukalia ukidhani baba hataki kuturudisha. Tulizunguka mpaka tukaupata mlango wa kupita kwenye mwamba, tukaingia magharibi imeshapita.

Hiyo ndiyo "aloof" ya mwanzo, shoga yangu. Upepo ukisukumia nchi kavu, chombo cha tanga kisiposhika goshi kinavunjika. Aliyeko pwani anakiona kiko mbali peke yake, hajui nahodha anakwepa nini. Ndipo neno likahamia kwa watu: kwanza kusimama kando tu, kisha, miaka ikienda, ubaridi wa moyo.

Msimamizi wako simlaumu, ameandika Kiingereza cha leo. Lakini usiliache hivyo hivyo likakaa kwenye faili. Omba muda, umuulize ameona nini hasa, umweleze habari ya zamu na watoto. Na wale wazee unaowahudumia, yule bibi unayemsuka nywele kila Jumapili, mtaje. Hilo si la kuona haya kulisema.

Jana nimemhadithia baba. Akanirudisha nilitamke lile la Kiholanzi, "luuf", akalisema taratibu mara mbili, kisha akauliza: na demani wanaiitaje? Nikamwambia "lij", na Waingereza wanasema "lee". Amefurahi mno. Ijumaa baada ya Isha tupigie, anataka akusikie sauti, na kile kiganja bado anakiulizia.

Mimi shogayo