RISALA YA WAHITIMU WA KIDATO CHA NNE KWA MGENI RASMI, SIKU YA MAHAFALI, CHUNYA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule, walimu na wafanyakazi wasio walimu,
Viongozi wa dini na wa serikali ya kijiji,
Wazazi na walezi wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Asalaam alaykum!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hadi kuifikia siku hii. Kwa heshima na taadhima tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu, ukaipanda milima kutoka Mbeya mjini, ukaiacha lami na kuingia kwenye vumbi letu. Tunatambua una majukumu mengi, hivyo historia tutaieleza kwa kifupi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule yetu imejengwa kwa nguvu za wananchi katika ardhi ya Lupa, ardhi iliyoanza kuchimbwa kabla babu zetu hawajaoa. Dhahabu iligunduliwa hapa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika, Wazungu kwa mamia na Waafrika kwa maelfu. Jiji la Mbeya tunalolisifu leo lilianza mwaka 1927 kwa sababu ya rashi hiyo, yaani mbio za kukimbilia dhahabu. Wakulima wa Rungwe walipata soko la mchele na ndizi, na vijana wao wakaacha mashamba mikononi mwa mama zao wakaja kushika sururu. Mwishoni mwa miaka hiyo dhahabu ilikuwa ya pili kwa mkonge katika mauzo ya nje ya Tanganyika. Miombo ilikatwa kwa ajili ya matimba, yaani nguzo za kuzuia mashimo yasiporomoke, na kuni za mitambo. Mgodi wa Saza ulipofungwa katika miaka ya 1950, wageni walikunja mahema wakaondoka, na Chunya ikabaki na mashimo hadi tumbaku ilipokuja kuinyanyua. Sasa rashi imerudi. Tangu soko la dhahabu lifunguliwe mwaka 2019, makarasha, mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, hayalali.

Mafanikio yetu ni makubwa. Klabu ya Historia na Mazingira imefungua kona ya makumbusho, ya kwanza katika shule za kata hii, yenye karai la chuma, taa ya karabai na sururu iliyolika hadi ikabaki nusu, vyote vikiwa zawadi ya wazee wa kijiji. Tumeibuka washindi wa mdahalo wa kata uliouliza kati ya dhahabu na tumbaku ni ipi iliyoinufaisha zaidi Chunya. Tumepanda mijohoro na miembe kuzunguka mabweni, na iliyo mingi imeshika. Ufaulu nao umepanda, na tunawapongeza walimu wetu kwa moyo wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunazo changamoto za madawati, vitabu na nyumba za walimu. Hizo zimo katika taarifa ya Mkuu wa Shule. Sisi tumekubaliana tuzungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni maji.

Shule yetu inategemea korongo lililo chini ya uwanja huu. Msimu kama huu wa kiangazi halina maji ya kutiririka, hivyo wanafunzi hufukua mchanga kwa sahani na kungoja maji yachuruzike. Kila mmoja hutakiwa kuleta ndoo mbili kabla ya namba ya asubuhi. Wasichana wa bwenini huamka usiku ili wawahi, kwani atakayechelewa hukuta tope. Ndoo ikilala hadi asubuhi huacha chini utelezi wa kijivu, laini kama unga wa muhogo. Unga huo tunaufahamu. Unatoka kwenye mialo iliyoko juu ya korongo, ambako mawe yaliyosagwa na karasha husafishwa.

Wazazi wetu ndio wanaofanya kazi katika mialo hiyo, na sare zetu zimetoka humo. Hatukuja hapa kuwashitaki. Lakini tumeona kwa macho yetu jinsi zebaki inavyochanganywa na mchanga ndani ya karai kwa mikono mitupu ili inase dhahabu, ikakamuliwa kwa kitambaa, kisha kidonge cha zebaki na dhahabu kinachobaki kikachomwa kwenye jiko la mkaa, mama amembeba mtoto mgongoni. Maji ya karai humwagwa palepale. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kusafishwa, hurundikwa kando, na mvua ya kwanza ikinyesha yanateremka kwetu. Maji hayo ndiyo yanayopika uji wetu.

Mheshimiwa, darasani tumesoma habari za California, Marekani, ambako rashi ilianza mwaka 1848. Wenyeji wa asili waliokuwa takriban 150,000 walibaki takriban 30,000 kufikia mwaka 1870, kwa kuuawa, magonjwa na njaa. Vilima vilibomolewa kwa mabomba ya maji, matope yakafukia mashamba ya bondeni hadi mahakama ikazuia mwaka 1884. Wachimbaji wale wamekufa zamani, lakini zebaki yao haijaondoka. Hadi leo watu wa Ghuba ya San Francisco huonywa kuhusu samaki wa kutokula kwa sababu ya zebaki hiyo. Nchi yetu nayo iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mwalo ulio karibu nasi zaidi uko ukingoni kabisa mwa korongo.

Kwa unyenyekevu mkubwa, Mheshimiwa, tunaomba kukukumbusha kwamba ombi hili si jipya. Lilisomwa katika mahafali ya kaka na dada zetu, na mgeni rasmi wa siku hiyo aliahidi kisima kirefu. Tunamshukuru kwa dhati kwa sababu mtambo ulikuja, kisima kikachimbwa nyuma ya jiko, maji yakapatikana, watu wakapiga vigelegele. Kisha bomba likafunikwa kwa mfuniko wa chuma na kuchomelewa, wakaambiwa pampu inafuata. Mgeni wa mwaka uliofuata aliahidi pampu ndani ya miezi mitatu, nasi tukampigia makofi tukiwa tumesimama. Aliyemfuata aliahidi kufuatilia. Viongozi huhama vituo, hilo tunalielewa, lakini faili la kisima lilipaswa kubaki ofisini. Wahitimu wa leo tuliingia shuleni mfuniko ukiwapo, na tunatoka tukiuacha palepale.

Tunachoomba ni pampu ya umeme wa jua, tangi na vituo vya kuchotea maji. Makadirio ya fundi tumeyaambatanisha. Kabla maji hayajaanza kutumika, tunaomba sampuli ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ipimwe zebaki na sianidi, sumu nyingine inayotumika kuchenjua dhahabu, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ili wazazi wayasome. Maji ya korongo nayo yapimwe.

Wala hatuombi hisani, Mheshimiwa. Kila gramu inayouzwa sokoni huacha sehemu ya thamani yake kuwa ushuru wa huduma wa halmashauri. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inawataka wenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Tunaomba pampu yetu iingie katika mpango huo kwa jina, isifichwe ndani ya maneno "miradi mingineyo".

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla ya chakula tunakuomba uongozane na Kaka Mkuu na Dada Mkuu hadi nyuma ya jiko, ukakione kisima mwenyewe. Kisha katika hotuba yako ututajie tarehe, na ofisi itakayoshughulika, ili Mkuu wa Shule aviandike katika kitabu cha kumbukumbu mbele ya wazazi wetu.

Tunaomba kuwasilisha.