Aliyelala barazani mchana alikesha baharini

Mhariri,

Naandika kuhusu picha za watu zinazopigwa mitaani mwetu Mji Mkongwe, hasa maneno yanayowekwa chini yake.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikitoka taa hazifui dafu, kwa hiyo siku za giza ndizo za kazi. Wanaondoka magharibi, wanarudi alfajiri. Dagaa wakishushwa, sisi wanawake tunawachemsha kwa maji ya chumvi na kuwaanika. Yeye hapo hana nguvu tena; akishakunywa chai anajilaza barazani penye upepo. Ndipo mtu alipompiga picha akapita zake. Binti yetu aliikuta mtandaoni, imeandikwa kwamba Zanzibar watu hawana haraka na kazi. Wachangiaji wakamwita mvivu. Mmoja akamwita teja. Mwanangu alilia.

Ni kweli alikuwa amelala. Lakini usiku mzima aliovuta nyavu haumo pichani, na aliyepiga hakuuliza.

Zamani watu walikwenda wenyewe Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, wamevaa nguo zao za Idi, wakajua wanapigwa na kwa nini. Sisemi turudi huko. Picha ya mtaani ina uhai wake, na mtu akiambiwa mapema hujikaza uso, naelewa. Basi piga, kisha toa salamu, uliza jina na kazi yake. Mtu wa Unguja ukimwamkia vizuri atakueleza mpaka bei ya dagaa kwa ndoo.

Wageni si peke yao. Gazeti moja la hapa nchini lilitoa picha ya vijana wakicheza bao, likaandika kuwa wako kijiweni saa za kazi. Saa za kazi za nani? Nawajua wawili kati yao, ni wachukuzi bandarini, walikuwa wakingojea boti ifunge gati.

Ombi langu kwenu, Mhariri: msichapishe picha ya mtu aliyekaa au aliyelala mpaka mpiga picha aseme mtu huyo anafanya kazi gani na ametoka kazini saa ngapi. Kama hakumuuliza, andikeni mahali na tarehe tu.

Mke wa mvuvi,
Malindi, Unguja