Wino mwekundu wa vyuo vya kale usipotezwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaotoa kopi na kuchapisha vyuo vyetu vya kale, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Wino mwekundu uliomo vyuoni humo si pambo tu. Ni sehemu ya maandishi, na anayeuondoa huwa ameyapunguza maandishi yenyewe.

Mwezi uliopita nilipeleka katika duka moja la hapa mjini chuo cha marehemu babu yangu, sharhi ya fiqhi, yaani kitabu kinachofafanua kingine cha sheria za Kiislamu, iliyonakiliwa kwa kalamu ya mwanzi, ili watoto wasomee kopi na chenyewe kipumzike. Humo maneno ya matini, yaani ya kile kitabu kinachofafanuliwa, yameandikwa kwa wino mwekundu na maelezo kwa mweusi, yakiingiliana ndani ya mstari mmoja, pengine neno moja jekundu likifuatwa na manne meusi. Kopi zilirudi nyeusi tupu. Niliketi nazo na mjukuu wangu baada ya alasiri, na hatukuweza kujua mtungaji wa kwanza ameishia wapi na mwenye kumfafanulia ameanzia wapi, mpaka tukarejea kwenye chuo chenyewe.

Waandishi wa zamani hawakuchovya kalamu katika kidau cha pili kwa kujifurahisha. Abu al-Aswad ad-Du'ali wa Basra, aliyefariki mwaka 688, hutajwa kuwa ndiye aliyeanza kutia nukta za irabu katika Msahafu kwa wino usiofanana na ule wa herufi, na katika misahafu mingi ya karne za mwanzo nukta hizo ni nyekundu, ili kilichoongezwa kisichanganyike na kilichokuwapo. Hapa pwani, ukiacha misahafu ya Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, ambayo uzuri wake unajulikana, ziko tenzi zetu za hati za Kiarabu: aghalabu ubeti mzima hukaa katika mstari mmoja, na vipande vyake vinne hutengwa kwa alama, mara nyingi nyekundu, mithili ya moyo uliopinduliwa. Alama hiyo ndiyo inayomwonyesha msomaji mahali pa kutua, na ikifutika, mahadhi humponyoka.

Basi nawaomba wanaohifadhi vyuo hivi wavipige picha za rangi, hata kama gharama itazidi. Mchapishaji asiyeweza kuchapa kwa rangi na akoze maneno yaliyokuwa mekundu, au ayapigie mstari kwa juu, kama walivyofanya baadhi ya wanakili wenyewe.

Na walio na vyuo majumbani, tafadhali wasikolezee wino uliofifia. Nimeuona ukurasa mmoja uliopitishiwa biro nyekundu kwa nia njema kabisa. Wino wa biro umepenya hadi upande wa pili wa karatasi na kuziziba herufi nyeusi ambazo zilikuwa bado zasomeka.

Msomaji wako,
Kibokoni, Mombasa