Masega ya gari yapimwe kabla ya kung'olewa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Hii tabia ya kung'oa masega kwenye ekzosti, yaani kile kifaa chenye vitundu kama sega la nyuki kinachosafisha moshi wa gari, imezidi sasa, gari ikikosa nguvu kidogo tu ukifika gereji jibu la kwanza ni "toa masega hayo gari iwe nyepesi", yanatolewa, yanapata mnunuzi, na mwenye gari anaondoka anashukuru. Mimi nafundisha kemia sekondari na hili jambo linaniuma, kwa sababu kazi ya masega haionekani kwa macho na kitu kisichoonekana watu wanakichukulia kama hakipo.

Ila inawezekana kuionesha jamani. Kuna mimenyuko ya kikemia inayotoa mwanga wenyewe bila moto. Kimulimuli anafanya hivyo kila usiku, na wapelelezi wakinyunyizia luminoli mahali damu imefutwa, ule mwanga wa bluu ni jambo hilohilo. Sasa chukua nitriki oksaidi, mojawapo ya gesi chafu za injini, ikutanishe na ozoni ndani ya kichumba chenye giza. Inageuka nitrojeni dayoksaidi ikiwa imebeba nguvu ya ziada, na baadhi ya nguvu hiyo inatoka kama mwanga, mwingi wake macho yetu hayauoni ila kihisi kinaukamata. Gesi ikiongezeka mara mbili na mwanga unaongezeka mara mbili. Mashine za aina hii zinanasa hata chini ya sehemu moja ya gesi kwenye sehemu bilioni moja za hewa, na ndo kipimo rasmi cha gesi hiyo kwenye hewa ya miji ya Ulaya na Marekani. Kasoro ipo: ukitaka kupima na nitrojeni dayoksaidi, inabidi kwanza ipitishwe kwenye molibdenamu yenye joto la zaidi ya nyuzi 300 irudi kuwa nitriki oksaidi, na molibdenamu hiyo inabadilisha na misombo mingine kama asidi ya nitriki, hivyo namba inaweza ikasoma juu kuliko hali halisi. Wenye kazi yao wanalijua hilo na wanalizingatia.

Ukipima hivyo moshi unaoingia kwenye masega na unaotoka, unajua kabisa kama yanafanya kazi au yamekufa. Yakiwa mazima na yamepata moto wa kutosha, platinamu, paladiamu na rodiamu zilizopakwa mle zinageuza kabonimonoksaidi kuwa kabonidayoksaidi, zinaunguza mabaki ya petroli, na nitriki oksaidi inabaki nitrojeni ya kawaida tunayovuta kila siku. Na masega hayazibi yenyewe tu hivihivi, mara nyingi ni injini inakula oili au plagi moja haichomi, petroli inaenda kuwakia mlemle ndani mpaka yanayeyuka. Kwa hiyo fundi akiyatoa ugonjwa kauacha palepale kwenye injini, alafu sumu yote inaenda kwa mama anayeuza maandazi kando ya barabara na watoto wanaotembea kwenda shule.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hata kichocheo chenyewe, yaani kitu kama ile platinamu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, kinaweza kutoa mwanga. Mwaka 1976 Breysse na wenzake kule Ufaransa waliona mwanga hafifu kabonimonoksaidi ilipokuwa inaungana na oksijeni juu ya unga wa thoria (oksaidi ya metali ya thoriamu) wenye joto, na mwanga ule ulikuwa unawaambia mmenyuko unaendaje pale juu ya kichocheo. Baadae Nakagawa na wenzake Japani wakatumia njia hiyo kutambua mvuke wa pombe, na kuanzia miaka ya 2000 kundi la Zhang Xinrong, Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, likaingia kwenye poda za chembe ndogo sana kama titani dayoksaidi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kupanga poda za vichocheo tofauti kwenye sahani moja, ukapitisha gesi, ukapiga picha gizani, ukaona ipi inawaka zaidi. Kichocheo hakiishi kama luminoli inavyoisha. Unahitaji hita, poda, pampu ndogo ya hewa na kihisi kizuri cha mwanga. Kazi ngumu ni kutenganisha gesi zikiwa zimechanganyika, na joto likiyumba kidogo mwanga nao unayumba, lakini hayo ndo maswali mazuri ya kumpa mwanafunzi wa shahada ya pili, sio kila mwaka kurudia mada zilezile.

Barani kwetu tulishaachana na petroli yenye madini ya risasi, nchi za kusini mwa Sahara zilifikia hapo mwanzoni mwa 2006, na risasi ndo ilikuwa inaua masega haraka. Leo mafuta yanaruhusu, gari za mtumba kutoka Japani nyingi zinakuja na masega yake, tunayang'oa wenyewe! Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha nitrojeni dayoksaidi kwa mwaka kutoka maikrogramu 40 hadi 10 kwa mita ya ujazo, sasa sisi bila vipimo tutajuaje tuko wapi?

Naomba ukaguzi wa magari uhusishe kupima moshi na sio taa na breki tu, na miji mikubwa iwekewe mashine za kupima hewa ambazo namba zake zinatangazwa kila siku kama hali ya hewa. Na wewe Mhariri, tuma mwandishi wako azunguke gereji aulize masega yakitolewa nani anayanunua na yanaenda wapi.

Mwalimu wa kemia,
Morogoro