Kwako mdogo wangu wa Muscat, kuhusu zile sehemu tisa

Mdogo wangu,

Picha za harusi yako nimeziona kwenye status ya shangazi, kama mtu baki. Kanzu imekukaa. Bibi harusi mzuri, mashallah, na mwambie ile hina ya mikononi nimeivuta karibu mara tatu kuitazama. Sikualikwa, wala silalamiki. Haya, nalalamika.

Naandika hapa kwa kuwa namba yangu umeiblok.

Juzi nimekutana na jina la yule Mmarekani wako, Scott Sigler, mwandishi wa riwaya za kutisha, nikacheka peke yangu jikoni. Unakumbuka uliponiletea riwaya yake Infected kwenye fleshi? Yule Perry Dawsey, pande la mtu aliyewahi kucheza mpira chuoni, anaanza kuwashwa tu, kumbe kuna pembetatu zinaota chini ya ngozi yake. Halafu anauchukua mkasi wa kukatia kuku. Mimi wiki nzima sikushika kuku, mpaka mama akakuuliza umenifanya nini.

Tuje kwenye arobaini ya baba. Nafsi yangu ndipo inaporudi kila mara, nipende nisipende. Watu wameshakula, masinia yanarudi jikoni, ba'mkubwa anakuuliza siku hizi unafanya nini. Ukamwambia unajirekodi ukisoma hadithi zako za kutisha, sehemu baada ya sehemu, watu wanazisikiliza kwenye simu. Shilingi ngapi? Bure. Hapo nikadakia, kitambaa cha kufutia masinia kingali mkononi: "Bure, ba'mkubwa, na wala hata mtoto haimtishi." Baraza zima likacheka. Hukunijibu. Ulitoa simu ukaanza kufuta. Sehemu ya kwanza. Ya pili. Kila ukigusa unanigeuzia kioo nione, na kioo kimejaa samli kwa sababu hata mkono hujanawa. Tisa zote.

Mimi nilisema haimtishi mtoto. Sikusema futa. Hayo ni mambo mawili.

Na ukinihukumu, hukumu na hali tuliyokuwa nayo. Historia ya Sigler ulikuwa ukinisomea kama nasaba ya ukoo: riwaya yake EarthCore ilitoka mwaka 2001 kama kitabu cha elektroniki kwa iPublish, wachapishaji walio chini ya kampuni ya AOL Time Warner, kisha iPublish yenyewe ikafungwa kabla cha karatasi hakijachapwa. Machi 2005 akaamua kukisoma mwenyewe, kipande kila wiki, bila malipo, wakati Apple hawajaingiza hata podikasti, vile vipindi vya sauti vya kupakua mtandaoni, kwenye iTunes, programu yao ya muziki. Mwaka 2007 riwaya nyingine, Ancestor, ikatolewa na mchapishaji mdogo. Wale wasikilizaji wa bure wakainunua kwa mkupuo siku moja, ikaingia vitabu kumi vilivyouzwa zaidi kwenye duka la mtandaoni la Amazon. Mwaka 2008 Infected ikatolewa na Crown, wachapishaji wakubwa.

Mzuri sana. Lakini huyo ni mtu wa Michigan, na wasikilizaji wake walikuwa na intaneti nyumbani na iPod mfukoni. Wako walikuwa vijana watano wa kijiwe cha kahawa, kila mmoja amekwangua vocha kwanza ndipo akusikie. Bure yako ilikuwa na bei, ila waliolipa ni wengine. Umeme wa kuchajia simu nililipa mimi. Dawa za baba pia, na hilo sikuwahi kukusimanga, leo ndiyo mara ya kwanza.

Kuna jambo moja sikutaka kulisikia wakati ule. Crown walipomchukua hakuacha. Aliendelea kusoma bure, na The Rookie, hadithi ya mpira ule wao wa kushika mikononi, ukichezwa na viumbe wa sayari nyingine, alijichapishia mwenyewe mwaka 2009 akawauzia wasikilizaji walewale. Nilidhani bure ni ngazi, mtu akishapanda anaisukuma. Wewe ulinieleza, mimi nikakuuliza kodi ya mwezi ule iko wapi.

Ila na wewe! EarthCore ililala karibu miaka minne bila mtu kuitaka, na mwenyewe hakuichana. Wewe zako ulizifuta hata kahawa haijapoa, kisha ukapanda ndege. Uandike tena, mdogo wangu. Ungeniuliza, ningekwambia hivyo tangu siku ile. Hukuniuliza.

Sehemu ya sita ninayo. Ulinirushia kwa Bluetooth usiku ule umeme umekatika, ukasahau. Iko kwenye simu ile ya zamani. Betri imevimba, haiwaki mpaka iwe kwenye chaji. Dakika ya kumi na moja, pale msichana anapofunua pipa la maji akakuta nywele zinapumua, nyuma ya sauti yako anasikika mtu amesimama mlangoni: "Yarabi toba!" Kisha kandambili zinakimbia koridoni. Wewe unaendelea kusoma, lakini ukisikiliza vizuri, unajizuia kucheka.