Seif, toka huko bafuni

Kaka Seif,

Mambo vipi bwana, habari za baridi ya Minnesota. Najua nimekaa kimya toka Iddi, lawama napokea zote, hizi shifti za usiku zinanimaliza, tutaongea siku nyingine. Kilichonifanya niandike ni Mudi. Kanipigia jana anacheka eti umenunua bunduki ya mtumba, ile ya risasi za .30-06, na unaisafishia bafuni kwa dawa ya kutoa shaba, mlango umefunga na dirisha umefunga, shemeji asisikie harufu. Yeye anacheka, mimi hata sikucheka.

Sikia. Ile dawa kali ina amonia, ndiyo inayoila shaba ya risasi iliyogandia ndani ya mtutu. Sasa bafuni kwako kuna nini? Kuna Jik. Ya huku ina jina lingine lakini Jik ni Jik. Amonia ikikutana na Jik inatoka hewa inayochoma macho na mapafu, na wala haitaki ndoo nzima, ukimwaga tu mabaki kwenye sinki ambalo shemeji kalisugua asubuhi umekwisha. Ikitokea usianze kudeki, wewe toka nje wote mtoke, upige 1-800-222-1222, hao ni wa mambo ya sumu, wapo saa 24.

Hamia gereji, nyanyua mlango hata kama kuna theluji, vaa koti. Glavu za mpira, na miwani usiidharau, burashi ikichomoza mdomoni mwa mtutu inarusha matone. Na kabla ya yote fungua bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, uchungulie chemba, pale risasi inapokaa, ingiza na kidole, risasi zikae chumba kingine kabisa. Amonia inapasua maganda ya shaba hata hivyo. Waingereza kule India waliwahi kukuta risasi zimepasuka zenyewe msimu wa mvua, kumbe walizitunza mazizini, mkojo wa farasi!

Mimi mwenyewe nilivyoanza nilihangaika siku tatu. Kitambaa kinatoka bluu, ndiyo rangi ya shaba iliyoliwa na dawa, napaka tena, bluu, napaka tena, bluu, nikasema huu mtutu umejengwa kwa shaba au vipi. Nusu chupa imeisha ndo mzee mmoja pale renji ya kupigia shabaha akaniuliza natumia burashi gani. Ya bronzi. Akacheka mpaka akakaa chini, bronzi si ina shaba humo humo, nilikuwa nasafisha burashi! Kwa dawa hii tumia burashi ya nailoni, na hata kile kichwa cha kushikia kitambaa kisiwe cha shaba.

Anza na dawa ya kawaida utoe masizi, kausha, ndo upake ya shaba, ukipitishia nyuma kwenye chemba, sio mdomoni, utaukwangua. Halafu angalia saa. Kwenye chupa yangu wameandika isizidi dakika 15, usiiache ilale humo eti ifanye kazi vizuri, huo sio mchuzi wa pweza. Pitisha vitambaa vikavu, rudia mpaka bluu iishe, futa dawa yote, mafuta kidogo, na siku ya kupiga uyafute kwanza. Usichanganye dawa mbili kwenye kopo moja. Vitambaa vichafu weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko, nje, mbali na moto na watoto.

Ila bafuni Seif, bafuni kweli? Mtu mzima na mvi zake.

Haya niambie, chupa yenyewe imeandikwa nini, ni ya amonia au zile zisizo na harufu? Umeshaimwaga kwenye lile sinki? Kifua hakikubani, hukohoi? Mwenye bunduki kabla yako alikwambia ameshapiga risasi ngapi? Novemba unakwenda porini na nani, na Mudi yule muoga? Na shemeji, anajua kuna bunduki ndani au anajua harufu tu?

Nijibu leo leo.

Hamisi, Houston