Jaap Stam si kitabu na mkojo tu

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Nilinyamaza mlipompa kocha jina lisilo lake, nikanyamaza mlipotoa matokeo ya mechi iliyoahirishwa kwa mvua. Lakini mliyoyaandika Jumapili kuhusu Jaap Stam, yule beki wa zamani wa Uholanzi, kwenye ile safu yenu ya wachezaji wa zamani, yamenishinda kumeza.

Achilia mbali picha. Yule mwenye upara mliyemweka amevaa glavu. Ni Fabien Barthez, kipa. Kweli walikuwa wote Manchester United na wote hawakuwa na nywele, ila beki hadaki mpira. Kinachonichoma ni maneno. Mwandishi wenu amechukua maisha ya mtu aliyecheza miaka 15 akayageuza hati ya mashtaka: aliandika kitabu akauzwa, alipimwa akakutwa na dawa, alipaisha penalti, alikuwepo Istanbul, fainali ya Ulaya ya 2005, siku timu yake ya Milan waliporudishiwa mabao matatu. Basi. Asiyewahi kumwona Stam uwanjani akisoma pale atajiuliza huyu bwana alikuwa analipwa kwa kazi gani.

Kazi yenyewe hii hapa. Stam alizaliwa Kampen mwaka 1972, akaanzia timu ya nyumbani kwao, DOS Kampen. Hakulelewa na klabu kubwa kama Ajax. Alikuwa ametimiza miaka 20 alipoanza kuchezea FC Zwolle, tena daraja la pili. Mwaka uliofuata akaenda Cambuur, akashuka nayo daraja, akabaki nayo hukohuko chini mpaka 1995. Wengi wetu tumeona vijana wakiishia hapo. Yeye akaenda Willem II, nusu msimu tu PSV wakamchukua, akabeba nao ubingwa, na mwaka 1997 akawa mchezaji bora wa Uholanzi. Miaka miwili tangu atoke daraja la pili! Safari yote hiyo mwandishi wenu ameilipa nusu sentensi: "baada ya kupita klabu kadhaa za nchini kwao".

Mwaka 1998 Manchester United walimnunua kwa zaidi ya pauni milioni 10, bei ambayo hakuna beki aliyekuwa amewahi kununuliwa. Alikaa misimu mitatu, akachukua ubingwa wa ligi mara tatu. Hakuna msimu aliomaliza pale bila ubingwa. Ule wa kwanza waliongeza Kombe la FA na la Mabingwa wa Ulaya, na UEFA wakamtaja beki bora wa mashindano yale, wakarudia mwaka 2000. Fainali hiyo ya Ulaya, iliyochezwa Barcelona dhidi ya Bayern Munich, kila mtu anaisimulia kuanzia dakika za majeruhi, mabao ya Sheringham na Solskjaer, basi. Lakini Bayern walitangulia dakika ya sita, na katikati ya uwanja United hawakuwa na Keane wala Scholes, wote wamefungiwa kwa kadi. Bao moja lilibaki moja kwa zaidi ya dakika 80. Sitasema ni Stam peke yake, maana nguzo na mtambaapanya navyo vilifanya kazi. Ila ingekuwa mbili, hao wafungaji wenu wangefunga la nini?

Na namna alivyokaba, Mhariri. Hakuwa mtu wa kujirusharusha. Alimsubiri straika, akimsogeza pembeni kidogokidogo, kiganja kimeshamgusa mgongoni ili ajue yupo. Straika akiusukuma mpira mbele hatua moja zaidi ya inavyotakiwa, Stam alikuwa ameshapita nao. Mwili mkubwa vile, kasi vile. Ndiyo maana mtaani kwetu, enzi nacheza ndondo, beki yeyote mwenye upara na asiyecheka aliitwa Stam. Jina hilo mimi ninalo mpaka leo.

Sasa sikiliza makala yenu ilivyonifanyia. Niko kijiweni nakunywa kahawa, akaja kijana mmoja fundi simu, gazeti mkononi. "Shikamoo, mzee Stam." Marahaba. "Kumbe wajina wako alikuwa anakula madawa, akafukuzwa, penalti akarusha angani?" Kijiwe kizima kikacheka. Nikaanza kumweleza. Nikamwambia Oktoba 2001, akiwa Lazio ya Italia, ndiyo, alikutwa na nandrolone, dawa ya kuongeza misuli, baada ya mechi na Atalanta, akafungiwa miezi mitano, rufaa ikapunguza mwezi mmoja, mwenyewe akikana. Nikamwambia mwaka uleule Waholanzi wenzake Frank de Boer na Edgar Davids nao walikutwa na dawa hiyohiyo, na hao mkiwaandika mnaanza na pasi zao. Sisemi alionewa. Nasema adhabu aliitumikia, akarudi, na mwaka 2004 akabeba Kombe la Italia na Lazio haohao. Kijana ananitazama tu. Nikaenda kwenye penalti. Nusu fainali ya Euro 2000 pale Amsterdam, Waitalia wamebaki kumi tangu kipindi cha kwanza, Uholanzi wanapata penalti mbili ndani ya mchezo: De Boer anakosa, Kluivert anagonga nguzo. Kwenye matuta De Boer anakosa tena, Stam anapaisha, Bosvelt anakosa. Penalti tano zimepotea jioni moja, tatu kazipangua Toldo, na gazeti lenu, robo karne baadaye, linakumbuka ile moja ya beki! Kijana akanikata kauli: "Sawa mzee, lakini alifunga magoli mangapi?" Nikamjibu ukweli: United alifunga moja tu, Januari 1999, kwa Leicester, siku waliyoshinda sita kwa mbili. Hapo mmoja alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani, na muuza kashata akaanza kuniita "Mzee Goli Moja". Hilo nalo limeshashika.

Kuhusu kitabu niseme haraka, maana hapa ndipo mlipojidanganya zaidi. Ni kweli kitabu chake kilitoka 2001 na baadhi ya wenzake hawakukifurahia, na ni kweli mwezi Agosti aliuzwa Lazio. Alex Ferguson, kocha wa United, alikataa kwamba sababu ilikuwa kitabu. Alisema Stam ametoka kuumia kisigino, wakaona kasi imepungua, na Lazio walikuwa wanatoa zaidi ya pauni milioni 15 kwa beki wa miaka 29. Stam mwenyewe amesimulia kwamba habari za kuuzwa alipewa kwenye kituo cha mafuta. Nafasi yake akapewa Laurent Blanc, mwenye miaka 35, na United wakamaliza msimu nafasi ya tatu. Baadaye Ferguson alikiri hadharani kwamba kimpira lilikuwa kosa kumuuza. Kocha amekiri, mwandishi wenu bado anamhukumu mchezaji. Na huyo "aliyekwisha" alicheza Milan mpaka 2006, akarudi kwao Uholanzi kuchezea Ajax, akabeba Kombe la Uholanzi 2007 huku ubingwa ukiwapita kwa tofauti ya bao moja tu, akastaafu Oktoba mwaka huohuo.

Lakini namlaumu vipi yule fundi simu? Fungua kurasa zenu za michezo. Habari ya mechi ina aya tatu, utabiri wa mikeka ya kubeti ukurasa mzima, na rangi. Vijana mmewafundisha kusoma mpira kwa kuhesabu. Aliyebeti "timu zote zitafunga" akiona beki anauokoa mpira kwenye mstari hampigii makofi, anamtukana mama yake, kwa sababu mkeka umechanika. Nimeyasikia hayo kibanda umiza kwa masikio yangu. Na jioni uwanjani hapa kwetu nenda uone nani anapangwa beki: mtoto asiyejua mpira, au mnene, au aliyechelewa kufika. Wanaojua wote wanataka namba tisa na saba, halafu timu za taifa zikifungwa kwa krosi za kawaida kabisa, kila redio inapiga kelele kuuliza mabeki wako wapi. Na hao watangazaji nao, dakika 90 wanamtaja beki wa kati mara mbili, akipewa kadi na akifungisha.

Ninachotaka si nafasi ya kuombwa radhi. Mchukueni huyo mwandishi, mpeni daftari, simu aiache ofisini. Aje huku Tanga siku yoyote yenye mechi kubwa, nimkalishe benchi la mbele kibandani, achague beki mmoja wa kati na amtazame huyo tu tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, mpira ukiwa huku au kule. Aandike kila beki anapogeuza shingo, anapomvuta mwenzake mbele, anapofika mahali halafu mpira usipigwe pale kwa sababu ameshafika. Akigeuka kutazama bao upande wa pili, anaanza upya mechi ijayo. Hayo atakayoandika yachapwe Jumapili, ukurasa uleule, saizi ileile ya Stam, na mikeka ipishe siku hiyo. Kiingilio nitamlipia mimi, na kahawa.

Mzee Stam (Goli Moja),
Tanga